Kukuza mmea wa mtungi kwenye dirisha la nyumba ya Dodoma

Anayetaka kukuza mmea wa mtungi ndani ya nyumba hapa Dodoma anapaswa kuanza na pipa la kukingia maji ya mvua, na mmea wenyewe autafute baadaye. Nasema hivi kwa sababu mimea yangu miwili ya kwanza niliitanguliza kabla ya pipa, nikaimwagilia maji ya kisima kwa muda wa miezi minne, na yote miwili ikafa polepole: ncha za majani zilikauka zikawa za kahawia, mitungi mipya ikakoma kutoka, na ukingoni mwa kopo ukatanda utando mweupe wa chumvi. Joto la Dodoma halikuhusika, wala upepo wake. Kilichoiua ni maji.

Mmea huu, ambao jina lake la kisayansi ni Nepenthes na ambao hapa nitauita pia nepenthesi, hukamata wadudu kwa majani yake. Ncha ya kila jani hurefuka ikawa kikono chembamba, kama vile vikono vya mzabibu, na mwisho wa kikono hicho huvimba kidogo kidogo kitu mfano wa gudulia lenye kifuniko, ambacho ndani yake mna majimaji ya kumeng'enyea. Mdudu huvutwa na utamu unaotoka chini ya kifuniko na kwenye ukingo wa mtungi. Ukingo huo unapolowana huwa na utelezi mkubwa, hivyo sisimizi anayetembea juu yake hukosa mshiko na kutumbukia, na katika aina nyingi kuta za ndani zina nta isiyomruhusu kupanda tena. Mmea umejipatia njia hii ya kula kwa sababu udongo wa makao yake ya asili kwa kawaida ni maskini, uliosuuzwa na mvua nyingi hadi naitrojeni na madini mengine yakabaki kidogo sana. Mizizi yake myembamba, myeusi na myepesi kukatika haikuzoea chumvi kamwe. Mwenye kulielewa hili ameelewa karibu kila agizo linalofuata, likiwemo lile la kutotia mbolea ya aina yoyote ndani ya kopo, iwe samadi, urea au DAP.

Aina zake zinazojulikana ni zaidi ya 150, na nyingi ziko kusini-mashariki mwa Asia, katika Borneo, Sumatra, Ufilipino na visiwa vya jirani. Sisi wa Afrika Mashariki tunazo nasaba zake karibu kuliko wengi wanavyodhani, kwani Madagaska ina aina mbili, na Shelisheli inayo moja, Nepenthes pervillei, inayoota juu ya miamba ya milima ya Mahé na Silhouette. Maelezo ya kwanza ya maandishi kuhusu mmea huu yaliyofika Ulaya yalitoka Madagaska, katika kazi ya Mfaransa Étienne de Flacourt ya mwaka 1658. Bara la Afrika lenyewe halina nepenthesi ya mwituni, ingawa kwenye maeneo chepechepe ya nyanda za juu za Tanzania kuna mimea mingine midogo inayokula wadudu, kama Drosera, ambayo hunasa mawindo kwa matone yanayonata.

Kuchagua aina inayoiweza Dodoma

Wakuzaji huigawa mimea hii katika makundi mawili. Ya nyanda za chini, inayoota chini ya takriban mita 1,000, hutaka joto mchana na usiku. Ya milimani hutaka mchana wa wastani na usiku wa baridi, wa sentigredi 10 hadi 15. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mchana wa Oktoba na Novemba hufika sentigredi 30 au kuzidi kidogo, na usiku wa Julai hushuka hadi 13 au 14. Maana yake ni kwamba hatuko kwenye kundi lolote kikamilifu, na aina inayotufaa ni ile inayovumilia hali zote mbili.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja tu: Nepenthes × ventrata. Ni chotara mwenye nguvu, mwenye mitungi ya kijani iliyochanganyika na wekundu, na huvumilia hewa kavu kuliko karibu jamaa zake wote. Mara nyingi huuzwa kwa jina la Nepenthes alata, kwa hiyo usishangae ukikuta jina hilo kwenye kibandiko. Nepenthes ampullaria na Nepenthes bicalcarata ni nzuri mno katika picha, lakini zinatoka kwenye misitu ya chini yenye joto na unyevu usiokatika, na kwenye dirisha la Dodoma zitateseka tangu Mei hadi Novemba. Nepenthes rajah ya mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, iache kabisa, kwani ni ya kundi la milimani.

Mbegu usinunue. Mbegu za nepenthesi hupoteza uhai haraka, miche yake huchukua miaka kufikia ukubwa wa maana, na mtandaoni huuzwa mbegu nyingi za mimea mingine kabisa kwa jina hili. Tafuta mmea uliokwisha kukua au kipandikizi chenye mizizi kutoka kwa mkuzaji. Ukiagiza nje ya nchi, kumbuka kwamba jenasi nzima ya Nepenthes imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na kwamba mmea wowote hai unaoingia nchini unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Wa kuwauliza ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na uwaulize kabla ya kulipa. Usipokee kamwe mmea uliong'olewa msituni. Mbali na kuwa ni uharibifu, mmea wa namna hiyo mara nyingi hufa kabla haujazoea nyumba.

Maji

Maji ya Dodoma mjini kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, eneo la Mzakwe, na maji ya ardhini ya kanda hii ya kati, kama kila mtu anayefua au kuchemsha chai anavyojua, yana madini ya kutosha. Kwa mwanadamu si tatizo. Kwa nepenthesi ni sumu ya polepole, kwa sababu maji hupaa na chumvi hubaki, na kila unapomwagilia unaiongeza. Kuchemsha hakusaidii: sehemu ya chokaa huganda kama gamba jeupe ndani ya birika, lakini maji hupungua na chumvi nyingine zilizomo huzidi kukolea.

Maji yanayofaa ni yale yenye chumvi zilizoyeyuka zisizozidi miligramu 50 kwa lita. Hadi 100 mmea mgumu kama ventrata utavumilia, iwapo utausuuza mara kwa mara. Kuna kipimo kidogo cha kielektroniki, chenye umbo la kalamu nene, kinachoonyesha kiwango hicho papo hapo, na ni kifaa ambacho ningemshauri mtu akinunue kabla ya kununua kopo zuri. Maji ya kunywa ya chupa mengi yana madini, kwa hiyo soma lebo. Usidhani kuwa maji safi ya kunywa ni maji yasiyo na chumvi.

Sasa hesabu ya mvua. Dodoma hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kipande cha paa la baraza chenye mita 6 za mraba, mvua moja ya milimita 20 ikikipiga, huteremsha lita 120, na hata baadhi ikipotea njiani, mvua mbili za namna hiyo zinajaza pipa la lita 200. Mmea mmoja kwenye kopo lenye upana wa sentimita 12 hadi 15 hutumia kama lita moja na nusu kwa wiki wakati wa kiangazi, ukijumlisha maji ya kusuuza. Kwa wiki 30 za ukame ni lita 45. Pipa moja, basi, linaitosha mimea mitatu na kubakiza akiba. Watu husema Dodoma haina mvua ya kutosha kwa mimea ya namna hii, nami nimeona kuwa mvua ipo, ila huanguka yote ndani ya miezi mitano na kuachwa iende mtaroni.

Mvua ya kwanza na ya pili baada ya kiangazi ziache zioshe vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya bati na ndani ya gata. Kuanzia ya tatu, kinga. Pipa liwe la plastiki, lenye mfuniko, limefungwa wavu laini mdomoni ili mbu wasizaliane, na liwekwe kivulini, kwa kuwa mwanga huotesha mwani wa kijani. Usitumie tangi la saruji, maana saruji hutoa chokaa ndani ya maji.

Akiba ikiisha kabla ya Desemba, ziko njia tatu za dharura. Barafu inayoganda kwenye kuta za friji ikiyeyushwa hutoa maji karibu yasiyo na chumvi, mradi tu haikuguswa na nyama wala samaki. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo yanafaa, ingawa wakati wa kiangazi hewa ni kavu na utapata kidogo. Njia ya tatu ni maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Hapa lazima uwe mwangalifu sana, kwa sababu yapo madumu ya asidi ya betri yanayouzwa mahali pale pale, na asidi hiyo huunguza ngozi na macho. Soma maandishi, uliza, na kama huna uhakika, acha.

Mwagilia kutoka juu hadi maji yatiririke chini ya kopo, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Udongo uwe na unyevu wakati wote lakini usiwe tope. Nepenthesi si mmea wa kusimama ndani ya maji, na mizizi ikikosa hewa huoza. Mimi humwagilia kila siku ya pili wakati wa kiangazi na mara mbili kwa wiki wakati wa mvua, asubuhi, baada ya kuchomeka kidole hadi fundo la kwanza na kuhisi hali ya ndani.

Dirisha

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jambo hili lina matokeo ambayo maelezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani hayayagusi. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini wa paa lako. Katika miezi inayobaki hupita upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua zuri katikati ya mwaka na kivuli wakati wa mvua, na la kusini kinyume chake. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, jua lisilo kali, kwa saa tatu au nne, na hilo ndilo ninalolipendekeza bila kusita. Dirisha la magharibi hupokea jua la alasiri wakati hewa imekwisha kupata moto na kukauka, na mwezi wa Oktoba kioo chake kinaweza kuunguza majani. Kama huna jingine, weka pazia jepesi jeupe.

Kagua vioo vyenyewe. Nyumba nyingi mpya za hapa zina madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya tinti, na nyuma yake kuna wavu wa mbu, na nje kuna paa la baraza lililotokeza. Kila kimojawapo hupunguza mwanga, na vikiwa pamoja mmea unaweza kukosa mwanga wa kutosha ingawa kwa macho yako chumba kinang'aa. Nyosha mkono sentimita 30 juu ya mmea saa tatu asubuhi: ukiona kivuli chenye kingo zinazotambulika, mwanga unatosha, kivuli kikiwa hafifu kiasi cha kutafutwa, hautoshi. Majani yenyewe nayo husema. Yakiwa marefu, laini, ya kijani kilichokolea, na vikono vyake vinaishia na kincha kikavu kisichovimba, sogeza mmea kwenye mwanga. Yakianza wekundu kidogo, mmea umeridhika. Mabaka meupe au ya kahawia upande unaotazama jua ni kuungua.

Badiliko lolote la mahali lifanywe kwa hatua, ndani ya wiki mbili.

Hewa kavu ya kiangazi

Baada ya maji, hili ndilo gumu. Mtungi hauvimbi vizuri hewa ikiwa kavu mno, na kuanzia Juni, upepo wa kipupwe unapoanza kuvuma na vumbi lake, unyevu wa mchana ndani ya nyumba hushuka chini ya kiwango cha asilimia 50 ambacho ventrata hukipenda. Mmea hautakufa kwa hilo, ila utasimamisha mitungi hadi mvua zirudi, jambo linalomsikitisha aliyeupanda kwa ajili ya mitungi.

Kupuliza maji kwa chupa ya kupulizia kunasaidia kwa dakika chache tu. Kinachosaidia kweli ni kuufungia mmea hewa yake. Chukua dumu kubwa la plastiki angavu, lile linalouzwa na maji ya kunywa, likate kitako, na ulifunike juu ya mmea mdomo ukiwa wazi. Likae hivyo mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja, kwa sababu jua likiingia ndani ya dumu mmea huiva kama mboga. Kama kopo lako liko kwenye jua la asubuhi, lifunike baada ya jua kuondoka na ulifunue alfajiri. Kupanga mimea kadhaa karibu karibu, na kuweka chini yake sinia pana lenye kokoto na maji yasiyofika kwenye kitako cha kopo, huongeza unyevu kidogo. Dirisha la bafuni lenye mwanga mzuri ni mahali pazuri kuliko wengi wanavyofikiri. Dirisha la jikoni nalo lina mvuke, lakini kama unapikia mkaa, moshi na joto lake vitaharibu faida hiyo.

Vumbi la Dodoma huziba majani na kupunguza mwanga. Yafute mara moja kwa wiki kwa kitambaa laini kilicholowanishwa maji ya mvua, bila sabuni.

Udongo na kopo

Udongo wa bustani, wa aina yoyote, haufai. Wakuzaji wengi hutumia sfagnamu, mmea laini wa majimaji unaouzwa ukiwa mkavu na kufyonza maji kama sifongo, wakichanganya na perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa moto. Vyote viwili hapa si rahisi kupatikana, kwa hiyo mimi natumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale wanayooteshea miche wakulima wa vitalu nyumba, sehemu mbili. Vipande vya jiwe jepesi la volkano, lile la kusugulia visigino, sehemu moja. Magome ya paini yaliyovunjwavunjwa, sehemu moja. Na kiganja cha mkaa uliovunjwa kwa ukubwa wa punje za mahindi na kuoshwa hadi majivu yote yatoke.

Makumbi hubeba chumvi, hasa yaliyolowekwa baharini. Yaloweke katika maji ya mvua usiku kucha, yakamue, rudia mara nne au tano, na maji ya mwisho yapime kwa kile kipimo. Jiwe au mchanga wowote usioujua ulikotoka udondoshee siki kabla ya kuutumia. Ukitoa povu una chokaa, na usiingie kwenye kopo.

Kopo liwe la plastiki lenye matundu mengi. Vyungu vya udongo hupendeza, lakini kuta zake hukusanya chumvi. Hamisha mmea kila baada ya miaka miwili, mwanzoni mwa mvua, ukiishika mizizi kwa upole. Weusi wake ni wa kawaida na si dalili ya kuoza.

Kulisha

Mmea ulio dirishani hujikamatia sisimizi na nzi wachache, na hauhitaji zaidi ili kuishi. Ukitaka ustawi haraka, tia mdudu mmoja kwenye mtungi mmoja au miwili kila baada ya wiki tatu. Msimu bora ni pale mvua za kwanza zinapotoa kumbikumbi: waokote waliodondosha mbawa chini ya taa, ukaushe baadhi, na uwahifadhi kwenye kopo kavu kwa ajili ya kiangazi. Usitumie mende wala nzi aliyeuawa kwa dawa ya kupuliza. Usitie nyama, ugali wala dagaa wa chumvi. Vitaoza, na mtungi utaoza navyo. Usitarajie pia kuwa mmea huu utapunguza mbu chumbani, kwani hauwezi kukamata idadi ya maana.

Mtungi uliomwaga majimaji yake safarini uongezee maji ya mvua hadi robo. Mtungi mkongwe ukianza kukauka kutoka juu, kata sehemu iliyokauka tu na uache jani, maana jani bado linafanya kazi yake.

Wadudu wasumbufu ni wawili hasa: utitiri, ambao hupenda hewa kavu na kuacha vidoa vyeupe vidogo vidogo kwenye jani, na wale wadudu weupe wenye unga kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Wa kwanza waoshe kwa maji, wa pili watoe mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti.

Kuzidisha kwa vipandikizi

Baada ya miaka miwili au mitatu shina litarefuka na kuanza kushika pazia kwa vikono vyake. Huo ndio wakati wa kukata, na mwezi bora ni Desemba au Januari hewa ikiwa na unyevu. Kata kipande chenye vifundo viwili au vitatu kwa wembe safi, punguza kila jani hadi nusu, kisimike kwenye makumbi yaliyosuuzwa, na ukifunike kwa mfuko wa plastiki angavu mahali penye mwanga bila jua. Anayejua kuotesha vipandikizi vya zabibu atazoea upesi, ila hapa mfuko hauepukiki. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na kisiki kilichobaki kwenye kopo la zamani nacho huchipua upya kutoka pembeni.

Machipukizi yakifikisha majani matatu, fungua mfuko kidogo kidogo kwa wiki mbili, kisha hamishia kila mche kwenye kopo lake. Na kama mmojawapo unampa jirani, mpe pamoja na dumu la lita 5 la maji ya mvua, umwonyeshe na mahali pa kuweka pipa.